Kinachong'aa Hakibebi Petroli

Kwenye maduka ya spea ya Nairobi, hozi ya kusukwa kwa waya huuzwa kwa macho. Muuzaji huivuta kutoka kwenye roli, huipeleka mlangoni ili jua liupige ule waya wa stenlesi, na mteja, ambaye mara nyingi ni kijana aliyejipatia gari lake la kwanza la rally, tayari anaiona ikipita juu ya injini yake. "Hii ni orijino, fundi," muuzaji ananiambia mimi, maana anajua uamuzi uko wapi. Namuuliza: orijino ya nini? Kisha naomba kipande cha urefu wa kidole na ruhusa ya kukivua waya. Akikataa, tunaondoka. Akikubali, nakipasua kwa wembe kile kilichobaki, nakikunjua, na hapo ndipo ninapoanza kuangalia ninachonunua.

Kazi yangu ni kutayarisha magari ya mashindano. Mengi ni Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution, na mara kwa mara Ford Escort au Datsun ya zamani inayofufuliwa kwa ajili ya East African Safari Classic. Yote yana swali lilelile: petroli iko kwenye tangi nyuma, injini iko mbele, na katikati kuna joto, mawe, na watu wawili waliofungwa mikanda wasioweza kutoka upesi. Hozi ndiyo inayovuka hapo katikati.

Watu wakiniuliza kuhusu hozi huanza na presha. Inabeba psi ngapi? Wauzaji wanalijua swali hilo, ndiyo maana namba kubwa huandikwa mbele ya pakiti. Gari la kabureta linahitaji chini ya nusu bar. Gari la injekta la kawaida hukaa kwenye bar 3 hivi, na turbo ikianza kusukuma, presha ya petroli nayo hupanda kuifuata. Kanuni za FIA, kwenye Kiambatisho J, kifungu cha 253, zinataka hozi ya petroli isipasuke chini ya bar 70, na iwe imetengenezwa kuhimili joto la nyuzi 135. Kwa presha hiyo, hozi yoyote ya kusukwa iliyotoka kwenye kiwanda cha maana inapita. Mimi sijawahi kuona moja ikipasuka kwa nguvu ya petroli peke yake. Nimeona zilizooza ndani, zilizochomoka kwenye fitingi, zilizosuguliwa mpaka zikatoboka, na zilizovujisha mvuke bila kudondosha hata tone. Kwa hiyo namba ya psi naisoma, naiweka kando, naendelea na mambo mengine.

Waya wa nje una kazi mbili. Unazuia kilicho ndani kisivimbe presha inapopanda, na unakikinga na mawe. Hauzuii petroli, maana una matundu kila mahali. Kinachozuia petroli ni lile tabaka la ndani, na hapo ndipo hozi mbili zinazofanana kama pacha zinapoachana kabisa.

Ya kwanza ni ile yenye mpira wa nitrili. Ni rahisi, ni laini, inapinda vizuri, na kwa miaka mingi ndiyo iliyotumika. Petroli haiyeyushi nitrili, lakini joto huikausha, na spiriti ikichanganywa kwenye petroli huichosha mapema zaidi. Wenzangu wanaonunua hozi zenye mpira bora zaidi, ule wa fluoro unaoitwa Viton, hulipa zaidi na hupata miaka zaidi. Kwenye hozi za kawaida zisizo na waya utaona maandishi SAE J30R9. Hiyo ni ile ya injekta, ndani yake kuna tabaka la mpira huo wa fluoro. J30R6 na J30R7 ni za presha ndogo, za kabureta. Hata R9, ukiizamisha ndani ya tangi, itaharibika, kwa sababu imekingwa upande wa ndani tu. Petroli ikiizunguka kwa nje inaila. Ya kuzama ni R10, na bei yake humshangaza kila mteja, maana anahitaji kipande kifupi tu.

Halafu kuna tefloni. Roy Plunkett aliigundua mwaka 1938 akiwa na kampuni ya DuPont, alipokuwa anatafuta gesi ya mafriji. Petroli haiigusi, spiriti haiigusi, joto la injini haliigusi, na mvuke karibu haupenyi kabisa. Hili la mvuke watu hulidharau mpaka walipitie.

Aliwahi kuja dereva wa klabu na Impreza yake akilalamika kwamba asubuhi, akifungua mlango, ndani kunanuka petroli. Gari lilikuwa limetayarishwa kwingine, vizuri kwa macho: hozi ya waya inapita ndani ya gari kando ya kiti cha msoma njia, imebanwa kwa mpangilio, haina kiungo hata kimoja katikati. Hivyo ndivyo kanuni zinavyotaka. Ndani ya chumba cha dereva viungo vya petroli haviruhusiwi isipokuwa pale hozi inapopita kwenye ukuta wa mbele na wa nyuma. Alikuwa amekaza kila fitingi mara mbili. Tulipandisha presha, tukaiacha, geji haikushuka. Hapakuwa na tone. Nilichukua kitambaa safi cheupe, nikaifunga nacho hozi katikati ya safari yake, mbali na fitingi zote, nikafunika kwa nailoni, tukaenda kunywa chai. Kurudi, kitambaa kilinuka petroli kama kimechovywa. Mpira wa ndani ulikuwa unapumua. Ndani ya gari lililofungwa madirisha, usiku kucha, hiyo inatosha kukuumiza kichwa kabla hujafika steji ya kwanza, na sitaki hata kufikiria cheche. Tuliing'oa yote tukaweka tefloni. Yeye aliuliza kwa nini wakaguzi hawakuiona. Wakaguzi hawana kosa. Wao huangalia hozi inapita wapi, imebanwa vipi, viungo viko wapi. Tabaka la ndani hawawezi kuliona bila kuikata.

Tefloni nayo ina mtego wake, na huu hata mafundi wazoefu huupita. Ukikipasua kipande ukakuta ndani ni peupe kama maziwa, irudishe rafuni. Petroli inayokimbia ndani ya tefloni nyeupe hujenga umemetuli. Tefloni haipitishi umeme, basi chaji inalundikana upande wa ndani huku waya ulioko nje umeunganishwa na bodi la gari. Siku chaji ikizidi, inaruka kutoka ndani kwenda nje kwa kupitia ukuta wa tefloni wenyewe, na inaacha tundu dogo kuliko ncha ya sindano. Petroli huanza kutoka hapo kama ukungu, chini ya waya, mahali ambapo hakuna kiungo na hakuna mtu atakayepatazama. Kwa hiyo hozi ya tefloni ya petroli huwekewa kaboni upande wa ndani ili chaji isafiri mpaka kwenye fitingi na kuishia kwenye bodi. Ni nyeusi ndani. Nyeupe ina kazi zake, breki kwa mfano, maana mafuta ya breki hayakimbii kama petroli.

Kwa wasio na uwezo wa kuagiza kutoka Uingereza au Marekani, hapa kuna njia ambayo maduka ya spea hayakuambii. Nenda Industrial Area kwa wanaotengeneza hozi za haidroliki za malori na makatapila. Wengi huwa na hozi inayoitwa SAE 100R14, tefloni ndani na waya wa stenlesi nje. Iko ya aina mbili: R14A ni ile isiyopitisha umeme, R14B imetiwa kaboni. Ukisema tu "nipe ya tefloni" utapewa A, maana ndiyo inayotoka zaidi. Sema B, halafu ipasue uone weusi mwenyewe. Lakini usikubali ushawishi wa kuuziwa ile hozi yao nyeusi nene ya kawaida kwa sababu eti inabeba bar 200. Mpira wake umekorogwa kwa ajili ya mafuta ya haidroliki. Petroli inauvimbisha, unaachia makombo, na kama hozi hiyo iko kati ya filta na injekta, hakuna kitu kingine njiani cha kuyadaka makombo hayo.

Sumaku, kwa wale wanaopenda kutembea nayo mfukoni: haithibitishi kitu. Stenlesi inayotumika kusukia, ile ya 304, haivutwi na sumaku ikiwa bapa, lakini ikishavutwa kiwandani kuwa waya mwembamba huanza kuvutwa kidogo. Nimeona watu wakikataa hozi nzuri kwa sababu ya sumaku na kununua mbovu. Lililo muhimu zaidi ni kuhakikisha kwamba waya umesukwa pamoja na hozi na haujavalishwa juu yake. Kuna soksi za waya zinazouzwa kwa mita, unazivuta juu ya mpira wowote wa bei rahisi, kisha unafunika klipu kwa vikofia vya bluu na vyekundu. Ukiisukuma kwa vidole viwili kutoka pande mbili, soksi hiyo inavimba katikati. Hayo ni mapambo ya gari la harusi.

Sasa ukubwa. Fitingi za mashindano huitwa AN, yaani Army-Navy, mfumo wa jeshi la Marekani wa wakati wa vita kuu ya pili. Namba yake ni sehemu za kumi na sita za inchi: 6 ni sita ya kumi na sita, yaani inchi 3/8, 8 ni nusu inchi. Si milimita. Injini nyingi ninazozigusa zinatosheka na 6 kwenda na 6 kurudi. Kumbuka tu kwamba hozi ya tefloni ya namba 6 ina tundu jembamba kuliko ya mpira ya namba hiyohiyo, kwa hiyo ukibadilisha aina kwenye injini yenye nguvu sana, fikiria kupanda namba moja.

Koni ya AN ina pembe ya nyuzi 37. Fitingi nyingi za magari ya kawaida zina nyuzi 45. Zinaingiana, zinakaza, na zinavuja, na ukizidisha nguvu ya spana unapasua ile ya aluminiamu. Kibaya zaidi ni nyuzi za skrubu. AN 6 ina kipenyo cha inchi 9/16, ambacho ni kama milimita 14.3, na hatua ya kama milimita 1.4. M14 yenye hatua ya 1.5 iko jirani kabisa. Nati itashika, itazunguka raundi moja na kitu, kisha itakuwa nzito, na fundi mwenye haraka atadhani ni uchafu. Kwangu, kila fitingi inaingia kwa vidole mpaka mwisho kabla spana haijaguswa.

Kufunga mwisho wa hozi ndipo kazi ilipo. Hozi ya mpira ina fitingi zake, tefloni ina zake, na hazibadilishani hata kama zinafanana kwa nje. Ya tefloni ina pete ndogo ya shaba inayoingia kati ya waya na tefloni. Uzi mmoja tu wa waya ukilala chini ya pete hiyo, haitaziba. Tunafunga tepu, tunakata na diski nyembamba kupitia katikati ya tepu, tunapuliza ndani kwa hewa mpaka hakuna unga, tunaukunjua waya kwa subira. Vijana huchukia kazi hii kwa sababu waya huchoma vidole. Anayenung'unika namwambia: "Polepole, mwanangu, gari haliondoki leo."

Ya mpira ina hatari ya aina nyingine. Shina la fitingi linapoingia, likiwa kavu au hozi ikiwa imekatwa pembe, linachubua ulimi mwembamba wa mpira ndani. Ulimi huo hauvuji. Presha ukiipima gari likiwa limesimama, iko sawa. Kwenye kona gari linaitikia. Halafu kwenye njia ndefu iliyonyooka, gia ya nne, turbo imejaa, petroli inapohitajika kwa wingi, ulimi unasimama na kuziba njia, injini inakosa pumzi. Dereva akiachia mguu inapona. Watu wamebadilisha pampu, filta na injekta wakitafuta ugonjwa huo. Mimi kila hozi iliyofungwa naitazama kwa tochi kutoka pande zote mbili, na shina haliingii bila mafuta mepesi. Pia naweka alama ya tepu hozi inapoishia kwenye kofia ya fitingi. Unapokaza, hozi hupenda kurudi nyuma. Alama ikisogea zaidi ya milimita moja au mbili, tunafungua na kuanza upya.

Kisha tunapima. Kwanza kwa pampu ya mkono na maji, presha mara kadhaa ya ile ya gari, kwa sababu maji hozi ikiachia yanamwagika tu, lakini hewa iliyobanwa hurusha fitingi kama risasi. Baada ya hapo hewa kidogo, hozi ikiwa ndani ya beseni la maji, tutafute mapovu. Inakaushwa, inafungwa vizibo.

Kuipitisha garini kunategemea unakimbia wapi. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikivuka Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara za kawaida, na hata ilipokuwa kwenye mashindano ya dunia mpaka 2002 ilikuwa bado ni ya masafa marefu. Adui wa hozi alikuwa mtikisiko. Magari ya Classic yanaendelea na maisha hayo. Tangu iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, ikiwa Naivasha, steji ni za mashambani, Kedong, Soysambu, Sleeping Warrior, na adui ni lile vumbi laini, fesh fesh, linaloingia kila mahali. Vumbi hilo likikaa kwenye waya pamoja na mafuta kidogo, hozi inageuka tupa. Inakata aluminiamu, inakata waya za umeme, inakata paipu ya breki iliyo jirani, na kwa mtikisiko wa mchana mmoja inaweza kufika mbali. Ndiyo maana siku hizi mara nyingi nachagua hozi iliyosukwa kwa nailoni nyeusi juu ya tefloni. Ni nyepesi, haisagi majirani, na haivutii mtu kwenye picha. Palipo na stenlesi, kila mahali inapogusa au kukaribia kugusa kitu, inavaa mpira wa kuikinga na kushikwa na klipu yenye raba.

Tefloni haisamehe mkunjo. Ikishakunjika ikaacha alama, hata ukiinyosha, ukuta wake umechoka pale, inatupwa. Kwa hiyo kwenye kona kali natumia fitingi ya pembe badala ya kuilazimisha hozi, na injini naiachia nafasi ya kuyumba kwenye mipira yake bila kuivuta hozi.

Kwa magari ya kabureta kuna joto la kuongeza. Naivasha iko juu ya mita 1,800, na huko petroli huchemka kwenye joto dogo kuliko Mombasa. Pampu ya zamani iliyoko mbele huvuta, na kuvuta kunashusha presha ndani ya hozi zaidi, basi petroli inageuka mvuke kabla haijafika. Hozi ghali haitibu hilo. Dawa ni pampu ya umeme karibu na tangi ili isukume badala ya kuvuta, hozi ipite upande usio na ekzosi, na pale isipowezekana ivae soksi nene ya nyuzi za kioo zilizofunikwa silikoni. Nimemwambia hivyo mwenye Escort mmoja aliyekuja na hozi mpya ya bei ya ajabu mkononi. Hakufurahi, lakini pampu alihamisha.

Kwenye gari la servisi nabeba hozi mbili zilizokwisha fungwa, kupimwa na kuzibwa pande zote: ile ya kutoka tangini na ile ya kwenda kwenye injekta. Zina tepu yenye tarehe, kwa sababu hozi za mpira huzeeka hata zikiwa rafuni. Gari likiingia servisi ya mchana, kabla ya tairi na kabla dereva hajaanza kueleza yaliyomkuta, kijana mmoja anapita na kitambaa kikavu kwenye kila kiungo na kila mahali hozi inapobanwa, na ananusa. Akinusa petroli, hatutafuti chanzo. Tunatoa nzima tunaweka nyingine, na ile iliyotoka inasubiri karakana.